Kahawa juu ya jiko la zamani la kambini: Primus, Svea, Trangia, Coleman au Bluet?

Anayetafuta jiko la zamani la kambini kwa ajili ya kahawa kwa kawaida huanza na swali la kasi: lipi linachemsha lita moja ya maji mapema kuliko mengine? Swali hilo lina maana kwa anayepikia kundi la watu wenye njaa. Kwa mnywaji wa kahawa kuna swali linalotangulia, na jibu lake ndilo linalopaswa kukuongoza kwenye jiko: kahawa yako hupikwa motoni, au huhitaji maji ya moto tu?

Wanaotumia chujio la karatasi, au chombo cha kioo chenye pistoni ya kukandamizia unga chini, wanahitaji maji tu. Yakishachemka, jiko limemaliza kazi yake, na ukali wa moto hauharibu chochote. Wanaotumia mdila, moka (chombo cha chuma ambamo maji ya chini husukumwa yapite kwenye unga na kupanda juu) au birika la pakoleta (ambalo hupandisha maji bombani na kuyapitisha juu ya unga tena na tena) wako upande mwingine kabisa. Kahawa yao iko motoni mwanzo hadi mwisho, na jiko lisilokubali kushushwa litaiunguza hata mpishi awe hodari namna gani. Majiko mengi ya presha ya zamani yalibuniwa yachemshe maji na kuyeyusha theluji upesi kwenye baridi kali. Kuwaka kidogo kidogo kwa dakika kadhaa, bila kuzimika wala kutoa masizi, hakukuwa jambo lililowashughulisha sana walioyaunda.

Ndiyo maana hapa simtafuti mshindi mmoja. Nimeweka pamoja majiko matano ambayo bado yanapatikana bila shida kubwa kwa wauzaji wa vitu vilivyotumika, na kila moja nimelipima kwa kitu kimoja: linaitendea nini kahawa.

Kabla ya majiko, neno kuhusu joto. Unga wa kahawa hutoa ladha yake vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 90 na 96 za Selsiasi. Chini ya hapo kikombe huwa chepesi na chenye uchachu. Kahawa ikichemshwa kwa fujo kwa muda mrefu, uchungu hufunika kila kitu. Ukiwa usawa wa bahari unasubiri kidogo baada ya maji kuchemka. Ukipanda milimani mambo yanabadilika, kwa sababu kiwango cha kuchemka hushuka kwa takribani nyuzi 1 kila mita 300. Kwenye mita 3,000 maji huchemka karibu na nyuzi 90, kwa hiyo huko usisubiri hata kidogo: mimina yakiwa bado yanatokota, saga unga laini kidogo kuliko kawaida, na uongeze muda wa kuloweka. Hakuna jiko litakalokupa maji ya moto zaidi ya hapo, liwe na nguvu kiasi gani.

Primus: nguvu na kelele

Frans Wilhelm Lindqvist alilibuni jiko hili huko Uswidi mwaka 1892. Halina utambi. Mafuta ya taa husukumwa na hewa ya pampu kutoka kwenye tangi la shaba ya njano hadi kwenye kichwa cha jiko, hugeuka mvuke kwa joto la kichwa chenyewe, na mvuke huo hutoka kwenye tundu dogo mno na kuwaka moto wa bluu. Mnorwei Roald Amundsen alikwenda nalo Ncha ya Kusini mwaka 1911, na wapandaji wa Everest wa mwaka 1953 walikuwa nalo pia. Sifa hizo ni za haki. Kwenye baridi inayozima majiko mengine, Primus huendelea kuwaka, na tangi la takribani lita 1 linakutosha kwa vikombe vya siku nyingi.

Mafuta ya taa yenyewe ni hoja nzito. Kilo moja hutoa takribani megajuli 43 za joto, wakati kilo ya spiriti hutoa takribani 27. Tena hayashiki moto ovyo: huanza kutoa mvuke wa kutosha kuwaka yakipita nyuzi 38 hivi, ilhali petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya chini ya sifuri. Kwa mtu mwenye wasiwasi na petroli, hili peke yake linaweza kumaliza mjadala.

Tatizo ni kulishusha. Primus nyingi za kawaida hazina bomba la kurekebisha moto. Ukitaka uongezeke unapampu. Ukitaka upungue unalegeza kidogo skrubu ya hewa iliyo kwenye tangi, unasikia hewa ikitoka, kisha unaikaza haraka. Kwa mazoezi unaweza kuufanya moto uwe wa wastani. Chini ya hapo kichwa cha jiko kinapoa, mafuta hayageuki mvuke ipasavyo, moto unakuwa wa njano na masizi yanapanda kwenye birika.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Vichwa vya Primus viko vya aina mbili. Kimoja hunguruma: mvuke hugonga kibamba cha chuma na moto ukatawanyika kwa sauti kubwa inayokuzuia hata kuzungumza na aliye karibu. Kingine ni cha kimya, chenye kofia iliyotobolewa matundu madogo mengi, na moto wake hukaa chini ya chombo kwa usawa zaidi. Cha kimya hushuka vizuri kuliko cha kunguruma, ingawa upepo unakisumbua. Ukinunua Primus kwa ajili ya kahawa, tafuta cha kimya, hata kama itabidi usubiri. Cha kunguruma mwachie mwenye sufuria kubwa.

Svea 123: jiko dogo lenye heshima kubwa

Hili nalo ni la Uswidi, na lilianza kuuzwa mwaka 1955. Ni mkebe wa shaba ya njano wenye uzito wa takribani nusu kilo, na kifuniko chake cha alumini ni kikombe cha kunywea. Linatumia nafta safi, ile petroli nyeupe inayouzwa kwa ajili ya majiko ya kambini. Petroli ya gari ina viongezi vinavyoziba tundu la mvuke, na moshi wake si kitu cha kuvuta ukiwa umeinamia kikombe.

Svea halina pampu. Presha yake hutokana na joto la jiko lenyewe kupasha tangi, na ndiyo maana kuliwasha kuna utaratibu wake. Unamimina kiasi cha kijiko kidogo cha mafuta kwenye kibakuli kilicho juu ya tangi, chini ya shingo ya jiko. Unahakikisha vali imefungwa. Unawasha. Moto wa njano unapanda kuzunguka shingo, shaba inapata joto, na kwa dakika moja au zaidi kidogo huna la kufanya ila kutazama. Moto wa kibakulini unapofifia na kubaki vilimi vichache, unachukua ufunguo mdogo unaoning'inia kwenye mnyororo na kufungua vali taratibu. Sauti inakuja kwanza kwa kukohoa, halafu inatulia kuwa mngurumo mmoja usiokatika, na moto unageuka bluu. Ukifungua mapema, mafuta yanatoka bado ni maji na unapata mwali mrefu wa njano. Hilo likitokea, funga, acha kiishe kilichomwagika, anza upya.

Lita moja ya maji huchemka kwa dakika 7 au 8 hivi pasipo upepo. Tangi hubeba mililita 120 tu na kuwaka chini kidogo ya saa moja kwa moto mkubwa, lakini kikombe kimoja cha mililita 250 kinahitaji dakika chache, kwa hiyo ujazo mmoja unampa mtu mmoja kahawa ya siku kadhaa.

Je, linashuka? Kwa kiasi. Ufunguo unakuruhusu kupunguza moto, na Svea lenye joto la kutosha hukaa kwenye moto mdogo kuliko Primus ya kunguruma. Ila ukizidi kulibana, tangi linapoa, presha inaanguka, na jiko linazimika wakati kahawa ndiyo kwanza inaanza kupanda. Kingine ni kwamba moto wake umekusanyika katikati. Chini ya sufuria ya maji hilo halina madhara. Chini ya moka ndogo joto lote linapiga sehemu moja, na unga unaungua kabla maji hayajapita.

Kuna tahadhari ambayo kwa Svea sitaizungumza nusunusu. Usilizungushie kinga ya upepo iliyobana, na usiliwekee sufuria pana inayorudisha joto chini. Tangi likipata joto kupita kiasi, vali ya usalama kwenye kifuniko cha mafuta hufunguka na kutoa mvuke, na mvuke huo hushika moto na kuruka kama ulimi wa bunduki ya kuchomelea. Hiyo ni vali inayofanya kazi yake, lakini usiwe mbele yake. Kila unapoliweka chini, geuza upande wa kifuniko hicho kuelekea mahali pasipo na mtu wala hema.

Trangia: polepole, na kwa kahawa ndilo ninalolipenda zaidi

Kampuni ya Trangia ilianzishwa na John E. Jonsson mwaka 1925, tena Uswidi, na seti yake maarufu yenye kinga ya upepo ilitoka mwaka 1951. Moyo wa seti hiyo ni kikombe kidogo cha shaba ya njano chenye uzito wa takribani gramu 110, ambacho ndani yake unamimina spiriti. Hakuna pampu, hakuna sindano ya kuzibulia tundu, hakuna vali, hakuna kitu cha kuziba. Trangia la zamani likiwa halijatoboka, litawaka.

Wapenda kasi hulidharau, na kwa kasi wana haki. Lita moja huchukua dakika 8 hadi 10, na zaidi kukiwa na baridi. Spiriti ina joto dogo kwa uzito wake, kwa hiyo safari ndefu inakutaka ubebe mafuta mengi zaidi. Kwenye baridi kali haipendi kushika moto, na dawa yake ni kukiweka kikombe cha shaba mfukoni karibu na mwili kwa muda kabla ya kukitumia. Sufuria pia hupata masizi. Kuchanganya spiriti na maji kidogo, kama sehemu moja kwa kumi, hupunguza sana tatizo hilo.

Sasa weka moka juu yake. Seti huja na kifuniko cha pete chenye kibamba kinachozunguka, na ukikiweka juu ya kikombe cha shaba unaamua ni kiasi gani cha moto kipite. Kibamba kikiwa kimebaki wazi theluthi moja, moto ni mpole, mpana, na kimya kabisa. Ukimya huo una kazi. Unasikia maji yanapoanza kuhema ndani ya chumba cha chini. Unasikia tone la kwanza likigonga bati la juu, kisha mkondo mzito wa rangi ya kahawia iliyoiva ukipanda bila kurusha. Inapoanza kukoroma na kugeuka rangi ya asali, umeshaisikia kabla ya kuiona, na unaiondoa motoni papo hapo. Kwenye jiko la kunguruma sauti hiyo haisikiki, na wengi huiacha moka motoni ikarusha mvuke juu ya kahawa iliyokwisha kutoka.

Kinga yake ya upepo ni akili tupu. Sehemu ya chini ina matundu upande mmoja. Unayageuzia upepo, na upepo unaozima majiko mengine unakuwa ndio unaolisha moto wake.

Mambo mawili ya kuzingatia. Moto wa spiriti hauonekani vizuri mchana, kwa hiyo usiongeze spiriti kwenye kikombe unachodhani kimezimika. Subiri kipoe hadi uweze kukishika kwa mkono. Na kile kifuniko cha kufungia chenye mpira usikikaze kukiwa bado kuna joto, kwani mpira huyeyuka na kesho spiriti itamwagika ndani ya mkoba.

Coleman la mafiga mawili

Jiko hili la Marekani lenye umbo la sanduku la kijani na tangi jekundu halibebwi mgongoni. Ni la anayefika kwa gari. Linatumia nafta, lina pampu, na lina bomba jembamba linalopita juu ya moto na kugeuza mafuta kuwa mvuke, kwa hiyo halihitaji kupashwa kwanza kama Svea. Linaanza na moto wa njano kwa muda mfupi, kisha linatulia.

Kwa kahawa ya watu wengi, sioni la kulishinda kati ya haya. Wavu wake mpana hubeba birika la pakoleta la vikombe 8 bila kuyumba, na moto wake hushuka vya kutosha kwa kazi hiyo, hasa presha ya tangi ikiachwa ipungue kidogo. Jambo la kulijua kabla ya kununua ni kwamba figa la pili halijitegemei. Linapata mvuke wake kupitia mfumo wa figa kuu, na figa kuu lazima liwe limewaka na kupata joto. Ukitaka kuchemsha maziwa upande wa pili huku pakoleta ikienda taratibu upande wa kwanza, mafiga hayo mawili yatavutana. Weka pakoleta kwenye figa la pili, na la kuchemka haraka kwenye figa kuu.

Bluet la gesi

Hili la Camping Gaz, kampuni ya Ufaransa iliyoanza mwaka 1949, ndilo rahisi kuliko yote: fungua, washa, shusha. Moto wake hushuka hadi kuwa kijimwali kidogo, na mdila unaukubali mara moja. Gesi yake, butani, hata hivyo hugeuka mvuke ikiwa tu juu ya nyuzi 0 hivi, kwa hiyo asubuhi ya baridi kali jiko linakuachia moto wa kinyonge usiochemsha chochote. Kopo la aina ya zamani hutobolewa na jiko lenyewe na halitoki mpaka gesi yote iishe. Mpira wa kuzibia ukiwa umezeeka, gesi huvuja, na kwa hilo sioni sababu ya kununua Bluet kuukuu ambalo mpira wake haujabadilishwa.

Kahawa yako ni ipi?

*Moka.* Chombo hiki cha Bialetti kimekuwapo tangu mwaka 1933, na kinapenda moto mdogo kuliko kitako chake. Moto ukizidi kitako unalamba mkono wa plastiki hadi ulainike. Chaguo langu ni Trangia, kisha Bluet kama hakuna baridi. Kwenye Svea au Primus inawezekana, kwa sharti uweke kibamba cha chuma kati ya moto na moka ili joto lisambae, na pia moka ndogo ipate pa kusimama, maana vishikio vitatu vya majiko haya huwa vimetengana mno kwa kitako chembamba. Tia maji ambayo tayari ni ya moto, yasifike kwenye vali ya usalama, jaza unga bila kuushindilia, na acha kifuniko wazi uone. Maji ya moto yanafupisha muda ambao unga unakaa ukichomwa juu ya chuma. Kwenye jiko la zamani tofauti hiyo unaionja.

*Mdila.* Unga laini kama vumbi, maji, na moto wa subira. Povu likipanda unainua, likishuka unarudisha. Hapa jiko lenye kushuka ndilo kila kitu, na Trangia na Bluet zinaongoza. Primus ya kichwa cha kimya nayo huweza, kwa mwenye mkono mwepesi kwenye skrubu ya hewa. Ya kunguruma usiihangaikie: povu linapanda na kumwagika kabla hujanyoosha mkono.

*Chujio la karatasi.* Jiko lolote, na hapa Svea linastahili nafasi ya kwanza kwa anayetembea kwa miguu. Gramu 15 za unga kwa mililita 250 za maji, yaani gramu 60 kwa lita, ni mwanzo mzuri. Lowesha karatasi kwanza, mimina maji kidogo juu ya unga, ngoja nusu dakika uvimbe, ndipo umimine yaliyobaki kwa mizunguko. Sufuria ya kambini haina mdomo mwembamba, kwa hiyo hamishia maji kwenye kikombe chenye mdomo, au mimina kupitia mgongo wa kijiko. Zima jiko mara maji yakichemka. Kimya kinarudi, na kahawa unaitengeneza kwa utulivu.

*Kuchemsha sufuriani.* Njia hii hudhaniwa kuwa duni kwa sababu wengi huuacha unga uchemke. Chemsha maji, ondoa motoni, subiri nusu dakika, tia unga mkubwa, koroga, funika dakika 4. Nyunyiza maji baridi kidogo juu, mashapo yashuke, kisha mimina pole. Hapa kazi ya jiko ni kuchemsha tu, na hata Primus yenye kelele kuliko zote inatoa kikombe kizuri. Aliye na Primus ya kunguruma tayari asinunue jiko jingine, abadilishe njia.

*Pakoleta.* Coleman, bila mjadala. Maji yawe yanapanda bombani kwa mapigo ya polepole, dakika 6 hivi tangu rangi ianze kuonekana kwenye kifundo cha kioo kilicho juu ya kifuniko. Kwa kuwa kahawa hupita juu ya unga mara nyingi, moto mkali hapa huleta uchungu haraka kuliko kwenye njia nyingine yoyote.

Harufu

Kahawa hunyonya harufu za jirani. Mafuta ya taa ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu hayakauki upesi mkononi, na tone lililobaki kwenye kidole linafika kwenye ukingo wa kikombe. Jaza tangi kabla ya kugusa kahawa, futa jiko, nawa kwa sabuni, na mfuko wa kahawa usisafiri kamwe pamoja na mafuta, hata kama chupa imefungwa vizuri. Spiriti hukauka bila kuacha kitu, na hiyo ni sababu nyingine ya kulipenda Trangia.

Kabla hujatoa pesa

Shaba iliyofifia isikutishe, wala inayong'aa isikudanganye. Angalia kitako cha tangi: kutu au mbonyeo mkubwa kwenye maungio ni sababu ya kuliacha. Fungua kifuniko cha mafuta uone mpira wa ndani; ukiwa mgumu na wenye nyufa, unabadilishwa, na mipira hiyo kwa Primus na Svea bado inapatikana. Pampu isiyosukuma mara nyingi ina kiwambo cha ngozi kilichokauka tu, na matone machache ya mafuta ya mashine yakiachwa usiku mmoja huirudisha hai. Kwa jiko lenye pampu, weka mafuta kidogo, pampu bila kuwasha, kisha paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo: mapovu yatakuonyesha panapovuja. Uliza kama sindano ya kuzibulia tundu ipo. Kwenye majiko ya zamani sana, kitambaa au kamba ya kijivu inayozunguka shingo ya kuwashia inaweza kuwa asbesto. Usiichambue kwa vidole wala kuipuliza.

Mwambie muuzaji aliwashe mbele yako, nje, mahali pa wazi. Ndani ya hema usiwashe lolote kati ya haya, hata mvua ikinyesha, kwa sababu hewa ya sumu ya kaboni monoksidi haina harufu na haikuamshi. Na wakati jiko linawaka usitazame ukubwa wa moto. Wengi huutazama huo. Mwombe alishushe kadiri linavyokubali, aliache hivyo dakika 5, nawe usimame pembeni uone kama moto bado ni wa bluu.

Mwenye kupika kahawa ya mtu mmoja au wawili, anayetumia moka au mdila, ningempa Trangia na nisingemshauri aendelee kutafuta. Mwenye chujio na safari ndefu ya miguu achukue Svea. Familia yenye gari, Coleman. Primus ya kichwa cha kimya imfae anayeishi na baridi, au anayepata mafuta ya taa kirahisi kuliko nafta na spiriti.